Pikipiki inayogoma mlimani: shajara ya wiki mbili, Uyole, Mbeya

Jumamosi, 8 Februari, jioni

Mpwa wangu ameleta funguo badala ya hesabu. "Mjomba, leo abiria kashuka katikati ya mlima. Kasema bora atembee." Ni pale kati ya Igawilo na Isyonje. Alikuwa na abiria mmoja na dumu la mafuta ya kula, mzigo ambao kabla ya Krismasi pikipiki hiihii ilikuwa inaupandisha kwa gia ya tatu bila kulalamika.

Nimeamua kuandika kwa sababu hii ni wiki ya tatu. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha koili, na ilipogoma tena akafunga kabureta mpya. Jumla shilingi 78,000, na mlima bado haupandiki. Kazi yangu mimi ni kutengeneza cherehani, sina cheti cha injini. Ila cherehani inayokata uzi imenifundisha adabu: ukibadilisha sindano, uzi na mkazo kwa mara moja, hata ikipona hujui kilichoiponya, na ikiugua tena unaanza upya. Kuanzia leo ni kitu kimoja kwa wakati, na kila kitu kinaingia daftarini.

Pikipiki yenyewe ni ya cc 125, injini ya Kichina ya mtindo wa CG, ile ambayo valvu zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Honda ndio walioianzisha. CG125 yao ilitoka mwaka 1976 ikiwalenga watu kama sisi, wanaobebesha kupita kiasi na kuchelewesha matengenezo. Sina ugomvi nayo.

Nimemkalisha mpwa nikamhoji kama daktari. Ilianza lini? Wiki ya tatu ya Januari, asubuhi, ghafla. Alipiga shimo moja baya karibu na Igawilo, na alipoanza kupanda nguvu zikawa hazipo. Inawaka vipi? Kiki moja. Ikisimama inanguruma vizuri. Tambarare inakwenda. Mlimani ukiongeza resi injini haiongezi, inalia ndani kwa ndani kama mtu aliyekabwa. Ukifika juu Isyonje inarudi yenyewe. Kingine? Akafikiri. "Tenki likijaa ndiyo inazidi."

Hilo la mwisho nimelipigia mistari miwili. Tenki lililojaa lina uzito zaidi, sawa, lakini lita tano za petroli hazifiki hata kilo nne. Mpwa mwenyewe akila wali maharage anaongeza nusu ya hizo.

Jumapili, 9 Februari

"Haina nguvu" siyo kipimo. Ukimwambia fundi hivyo anaitikia tu, halafu anatafuta cha kubadilisha. Nimetafuta kipande cha mlima baada ya Igawilo, kutoka kalvati lenye kuta zilizopakwa chokaa hadi kwenye mkaratusi uliochunwa gome, kilomita moja kamili kwa mita ya pikipiki. Mpwa anaendesha, mimi nyuma na saa ya simu. Anapita kalvatini akiwa na spidi 40, resi yote wazi, gia ya tatu, ikigoma anashuka ya pili.

Mara ya kwanza: dakika 2 na sekunde 14. Mara ya pili: 2:11. Ni spidi ya 27 hivi. Costa imetupita na kondakta ametupungia mkono.

Tuliporudi nimeuliza maswali mawili yasiyohitaji hela. Je, injini inazalisha nguvu lakini inapotelea njiani? Klachi ikiteleza, kelele ya injini inapanda na pikipiki haiendi. Hapa kelele yenyewe ndiyo haipandi, kwa hiyo klachi haina kesi. Breki je? Nimeiweka kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma linazunguka kwa kidole, na ngoma ya breki tulipofika nyumbani ilikuwa na joto la kawaida. Cheni ina ulegevu wa vidole viwili. Tatizo limo ndani ya injini.

Upande wa kushoto wa ukurasa nimeandika inachohitaji injini: hewa, petroli, mgandamizo, moto kwa wakati wake. Vinne. Tutakwenda navyo kimoja kimoja.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefungua mfuniko wa tenki nikakuta nailoni.

Imekunjwa mara mbili na kukazwa chini ya mfuniko kama kifuniko cha chungu cha pombe. Nikamwita. Akasema kwa fahari kabisa: "Mvua, mjomba. Maji yalikuwa yanaingia." Kumbe kijiweni wote wanafanya hivyo tangu mvua zianze. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, lakini nailoni ya mkate bado ipo, na matumizi yake hayaishii kwenye mkate.

Mfuniko wa tenki una kitundu cha kupumulia. Petroli inashuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, haina pampu, na kila tone linalotoka lazima nafasi yake ijazwe na hewa kutoka nje. Ukiziba, ile hewa kidogo iliyo juu ya petroli inanyooshwa, inaanza kuvuta kwenda juu, na petroli inakataa kushuka. Hapo ndipo maneno ya mpwa yalipopata maana: tenki likijaa, hewa iliyobaki juu ni kidogo, inachoka mapema. Tenki likiwa nusu, hewa ni nyingi, inavumilia.

Sikutaka kuamini kwa hoja peke yake. Nimechomoa mpira wa petroli kwenye kabureta nikauingiza kwenye chupa ya nusu lita niliyoiazima jikoni kwa dada, nikaweka alama kwa kalamu. Tenki limejaa na nailoni ipo: zimetoka mililita 60 hivi, kisha matone. Tenki nusu na nailoni ipo: karibu 250, kisha matone. Nailoni imetolewa: 220 kwa dakika, na hazipungui. Pikipiki hii ikila lita moja kwa kilomita 30, kwa spidi 60 inahitaji mililita 33 kwa dakika, mlimani tuseme 45. Kwa hiyo koki iko sawa, chujio lake liko sawa, mpira uko sawa. Ni nailoni.

Nimelala nikiwa mtu mwenye akili sana.

Jumanne, 11 Februari

Dakika 1 na sekunde 58. Tenki limejaa, nailoni haipo. Tumerudia tenki likiwa chini ya nusu: 1:57. Kwa hiyo tofauti ya tenki kujaa imekufa, ushahidi kwamba nailoni ilikuwa kosa la kweli. Lakini 1:58 ni spidi ya 30. Mpwa anasema zamani hapo alikuwa hashuki chini ya 45.

Nailoni ilikuwa na hatia, ila si ya kesi hii. Nayo aliiweka mwezi wa kumi na mbili, ameniambia leo, wakati ugonjwa ulianza Januari. Ningemuuliza tarehe jana nisingejisifu.

Kijiweni wameshatoa hukumu: mafuta ya chupa yana maji. Nimefungua skrubu ya chini ya kikombe cha kabureta, nikakusanya yote kwenye ileile chupa na kuiacha dirishani usiku kucha. Maji ni mazito kuliko petroli, yakiwemo yanakaa chini na mstari unaonekana wazi. Asubuhi hakuna mstari. Dada ameuliza chupa yake iko wapi.

Alhamisi, 13 Februari

Moto. Nimechoka kuandika kwa sababu hakuna cha kuandika. Cheche ni ya buluu, inaruka vizuri plagi ikigusishwa kwenye bodi. Usiku nimezima taa zote nikawasha injini nione kama waya wa plagi unavujisha cheche pembeni: giza tupu. Alama ya F kwenye sumaku, inayoonyesha wakati wa cheche, inakaa inapotakiwa, kwa hiyo ile pini ndogo inayoshikilia sumaku haijakatika. Hiyo nayo huwa inaleta kukosa nguvu kwa ghafla, ndiyo maana nimejisumbua kufungua mfuniko wa pembeni. Plagi yenyewe ni nyeusi tii, ina masizi kama sufuria ya kuni. Nimeandika pembeni: petroli nyingi kuliko hewa, au hewa chache kuliko petroli.

Filta ya hewa nimeifua kwa sabuni na kuikausha. Nimejaribu mita mia mbili bila filta kabisa. Hakuna tofauti.

Jumamosi, 15 Februari

Nimeenda kwa mzee mmoja fundi, jirani na soko la Mwanjelwa, kuazima geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo. Hakuikodisha, alitaka apime mwenyewe, nami nikasimama pembeni kama mtoto wa shule. Plagi imetolewa, geji imekazwa, resi imefunguliwa yote (hili vijana wengi wanalisahau, halafu wanapata namba ndogo na kukimbilia kufungua injini), kiki mara nane. Geji ikasimama kwenye psi 138.

Kijana wake akasema, "Hii ringi zimekwisha. Oveholi."

Mzee akacheka. Akamwambia geji inahesabu hewa iliyoingia, na hewa ya Mbeya si ya Dar. Kule usawa wa bahari hewa inasukuma kwa milibari kama 1,010. Hapa kwetu, mita 1,700 na kidogo, ni kama 830. Injini ileile nzima kabisa itaonyesha namba ndogo hapa. Nimekaa na kalamu baadaye: 138 ya hapa ni sawa na 170 ya pwani, ambayo kwa injini kama hii ni afya njema. Hata hivyo akamwaga kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi akapima tena: 143. Ringi za pistoni zingekuwa zimechoka, oili ingeziba pengo na namba ingeruka mbali. Haikuruka.

Akaangalia na tapeti, yaani upenyo wa valvu, akatumia fila geji yangu ya cherehani: milimita 0.08 kwenye valvu zote mbili, ndiyo inavyotakiwa. Ningelipa oveholi leo, ningekuwa nimefungua injini nzima kuutafuta ugonjwa usiokuwamo. Alikataa hela. Nimemwachia mafuta ya cherehani, anasema yanafaa kwa bawaba za mlango.

Nikiondoka akaniuliza, "Hiyo kabureta mbona mpya?"

Jumapili, 16 Februari

Kabureta ya zamani ilikuwa kwenye mfuko wa mbolea nyuma ya banda, na bahati yangu mpwa hakuwa ameiuza kama chuma chakavu. Nimezifungua zote mbili mezani. Jeti kubwa ya zamani ina namba 95. Ya mpya ina 105.

Hapa ndipo plagi nyeusi ilipotoka. Jeti ni tundu linalopitisha petroli, namba ikiwa kubwa tundu ni kubwa. Kabureta haina macho ya kuona kwamba iko nyanda za juu. Hewa inapita ikiwa nyepesi, petroli inaendelea kumwagika karibu ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Anayeishi mlimani hupunguza jeti, haongezi. Sasa yule fundi hakuwa na nia mbaya, aliagiza kabureta "ya 125" akapewa iliyokuwepo. Lakini kwa kubahatisha ameniongezea ugonjwa wa pili juu ya ule aliotakiwa kuutibu. Wa tatu, ukihesabu nailoni.

Nimesafisha ya zamani, nimepuliza matundu yote, nimeirudisha. Nimepaka maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na injini wakati inanguruma, hakuna povu linalovutwa ndani, kwa hiyo hakuna hewa ya wizi.

1:49. Plagi baada ya kupanda na kushuka ina rangi ya chai ya maziwa.

Sekunde 25 zimepatikana tangu siku ya kwanza na zote ni za kweli. Lakini bado inakabwa. Mpwa amekaa kwenye jiwe pale kwenye mkaratusi akasema, "Mjomba, tuiuze." Sikumjibu. Dada yangu, mama yake, ana wiki mbili bila fedha ya mboga kutoka kwake, na anapita hapa kibandani bila kusalimia.

Jumatatu, 17 Februari

Mvua tangu asubuhi, ukungu umeshuka mpaka njia panda. Hakuna kupima. Nimekaa na daftari.

Vinne vyote nimevipitia. Hewa inaingia. Petroli ipo na kiasi chake sasa ni sahihi. Mgandamizo upo. Moto upo. Kwa daftari hili pikipiki ni nzima, na kwa mlima ni mgonjwa.

Jirani aliyekuja kuchukua cherehani yake amesema ni urefu wa mlima, hewa nyembamba, kila gari linapungua nguvu. Ni kweli linapungua, kadiri ya sehemu moja ya kumi kwa kila mita elfu moja. Lakini kati ya kalvati na mkaratusi tunapanda makumi ya mita tu, si elfu. Halafu Isyonje haijarefuka tangu Januari. Zaidi ya hayo, juu kabisa ndipo hewa ilipo nyepesi kuliko kote, na juu kabisa ndipo pikipiki inapona! Hili nilikuwa nalo siku ya kwanza, nimeliandika kwa mkono wangu, sikulisoma.

Kwa hiyo tatizo haliko kwenye urefu. Liko kwenye mwinamo. Pikipiki ikiinua pua inaumwa, ikilala sawa inapona. Kila fundi ameipima ikiwa imesimama sakafuni, na mimi pia.

Swali jipya: kitu gani kwenye pikipiki kinahama ikiinama? Petroli kwenye tenki. Petroli kwenye kikombe cha kabureta. Oili. Na chochote kilicholegea.

Jumanne, 18 Februari

Kibanda changu kina msingi wa mawe, urefu kama wa goti. Tumepandisha gurudumu la mbele juu ya msingi, la nyuma chini, nikamweka mpwa aishikilie. Huo ndio mlima wangu, hauhitaji petroli ya kwenda Igawilo.

Kwanza kabureta. Nimechomeka mpira wa dripu kwenye kitundu cha chini ya kikombe, nikaukunja kwenda juu kando yake, nikafungua skrubu. Petroli inapanda kwenye mpira na kusimama usawa uleule wa ndani. Tambarare: imesimama chini kidogo ya ukingo wa kikombe. Pua juu: imesogea upana wa kucha. Kidogo mno. Floti, lile boya linalozuia petroli isizidi kikombeni, haina kosa.

Kisha tumeiwasha pua ikiwa juu. Inanguruma vizuri. Nikafungua resi. Ikapanda nusu ya sauti yake, ikakabwa.

Sijawahi kufurahi kusikia injini ikigoma kama leo. Tukaishusha, resi ileile: ikalia mpaka kuku wa jirani wakaruka. Tukaipandisha: ikakabwa. Mara tatu hivyohivyo. Na mara ya tatu, wakati mpwa anainua pua, nikasikia "kacha" nyuma yangu. Nikamwambia aishushe. "Kacha."

"Hiyo ipo siku nyingi," akasema. "Nilidhani ni kifuniko cha betri."

Nimemwambia aweke kiganja nyuma ya bomba la moshi, mbali kidogo asiungue. Tambarare: moshi unapiga kiganja kwa mapigo, pu-pu-pu. Pua juu na resi wazi: unatoka mwembamba, unazomea kama nyoka.

Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe 9. Vinne vyangu vyote ni vya kuingia na kuwaka. Sikuandika popote kwamba moshi lazima utoke. Silinda ikishindwa kutoa moshi wa zamu iliyopita, hewa mpya inaingilia wapi? Inakuta nyumba ina watu. Injini ikisimama moshi ni kidogo, unapenya hata kwenye upenyo. Ukitaka nguvu moshi unakuwa mwingi, njia ni ileile nyembamba, na hapo ndipo kukabwa kunapotokea.

Nimechora mstari wa tano kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 19 Februari, alfajiri

Kabla ya kukata chochote nataka mlima useme. Nimelegeza nati mbili zinazobana bomba la ekzosi kwenye hedi, nikaweka washa za chuma katikati ili bomba likae mbali na injini upana wa kidole. Sehemu kubwa ya moshi itatokea hapohapo, haitafika nyuma. Ni jambo la mara moja tu, moto unatoka karibu na mguu na valvu ya moshi haipendi kuzoea hivyo. Mpwa amevaa gambuti.

Kelele ilikuwa aibu. Mbwa wote wa Igawilo wametuaga.

1:21.

Jumapili pale ilikuwa 1:49 na hakuna kingine nilichogusa.

Alhamisi, 20 Februari

Mtungi wa ekzosi tumeufungua ukapoa, mpwa akautikisa kama kayamba. Tumeupeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaupasua kwa graunda ubavuni kama anafungua kopo la samaki.

Ndani mna vyumba vilivyotengwa kwa sahani za bati, na vipande vya bomba vinavyopitisha moshi kutoka chumba hadi chumba ili kelele ipungue. Kipande cha mwisho, urefu wa shubiri, kilikuwa kimeshikwa kwa nukta za kuchomelea, na kutu imezila zote. Kimebaki huru na kisahani chake kichwani. Mtungi ukilala sawa kinasogea mbele, njia iko wazi. Ukiinuliwa pua, kinateleza nyuma na kisahani kinakaa juu ya tundu la kutokea, na moshi wenyewe ukisukuma unazidi kukibana. Kwenye tundu kuna duara lililong'aa, chuma kimesugua chuma. Mlima ulikuwa unajifungia mlango.

Shimo la Igawilo lilikuwa shahidi wa siku ya kwanza. Nukta zilikuwa zimeshaisha, pigo moja likamaliza.

Mpwa ameuliza kwa nini kutu ndani wakati nje pameng'aa. Petroli ikiungua inazaa maji, lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji, yanatoka kama mvuke. Ukienda safari ndefu ekzosi inapata moto na kuyafukuza. Bodaboda ya safari fupifupi, Uyole stendi, Uyole sokoni, simama, subiri, haipati moto wa kutosha, na kwa baridi yetu hii mvuke unageuka tena maji kwenye bati na kukaa humo. Chini ya mtungi kulikuwa na kitundu kidogo cha kuyatoa. Kilikuwa kimezibwa na tope lililokauka kama saruji. Nimekizibua kwa sindano ya cherehani namba 18.

Fundi amekirudisha kipande mahali pake, amekichomelea mzunguko mzima badala ya nukta, akafunga ubavu. Shilingi 8,000. Mshono ni mbaya kutazama. Kama mshonaji nimeumia, lakini sikusema.

Jumamosi, 22 Februari

Kalvatini spidi 40, mimi nyuma, tenki limejaa, kabureta ya zamani, mfuniko unapumua. 1:14. Tumerudia: 1:15. Gia ya tatu mwanzo hadi mwisho. Mpwa alitaka kuweka ya nne nikamkataza kwa ajili ya kipimo, tulipokwisha kupima akaiweka.

Tumeendelea hadi Isyonje, tukanywa chai, tukapakia gunia la viazi la mwanamke mmoja anayeshuka Uyole. Kuteremka hakuna "kacha".

Hesabu: 78,000 za kabla ya daftari, 8,000 za kuchomelea, petroli ya majaribio kama lita nne. Koili ya zamani ni nzima, nimeijaribu, ipo kwenye boksi. Kabureta mpya nitaitafutia jeti ya 95 au nimuuzie mtu wa Kyela, kule chini huenda 105 ikamfaa.

Kuhusu mvua: mpwa amekatazwa nailoni. Amekata kipande cha mpira wa tyubu, amekivalisha juu ya mfuniko kama kofia yenye ukingo, pembeni wazi hewa ipite. Wazo lake mwenyewe. Nimemimina kikombe cha maji juu yake, ndani pamebaki pakavu, na petroli ilitoka 220 kwa dakika kama kawaida.

Jioni ameleta hesabu ya kwanza baada ya wiki tano. Nimempelekea dada fedha yake na chupa yake ya nusu lita, nimeiosha mara tatu kwa sabuni. Ameinusa, amenirudishia chupa.